Anayezama Kasanga Alale Kasanga

Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nikawajibu kwamba nilitunza vifaa vya wazamiaji Sumbawanga, hucheka. Wana haki. Sumbawanga haina ziwa. Ina upepo, mahindi, ulezi na baridi ya mwezi wa saba inayomfanya mtu aahirishe kuoga. Ziwa Tanganyika liko chini kule Kasanga, mwendo wa nusu siku kwa Land Rover ya enzi zile. Ziwa Rukwa liko upande wa pili, kwenye bonde la Muze, lakini lile ni la kina kifupi na tope, mzamiaji hana la kutafuta humo. Hata hivyo ofisi ya mkoa ilikuwa Sumbawanga, kwa hiyo ghala la kitengo chetu cha gati na boti lilikuwa Sumbawanga. Mitungi ya hewa ilijazwa Sumbawanga, ikateremshwa mlima mzima mpaka majini, kisha ikapandishwa tena ikiwa mitupu. Aliyepanga hivyo hakuwahi kubeba mtungi.

Nimestaafu mwezi uliopita. Mlinipa saa ya ukutani na kitenge, mkasema maneno mazuri, na kijana mmoja wenu akasimama akasema, "Mama Ghala, utuandikie mambo ya zamani tujifunze." Nadhani alisema kwa heshima tu. Lakini mimi nimezoea kutekeleza ninachoambiwa, na hilo ndilo kosa langu kubwa, mtaliona mbele. Habari za vyeo siandiki, maana havikuwa vingi. Naandika nilivyoingia kazini, nani alinifundisha, na safari moja ya kuzamia nje ya nchi tuliyoiandaa miezi mitano. Msafiri alikuwa Desderi, mdogo wangu. Hakusafiri, na tangu wiki ile hajatembea bila magongo.

Tulizaliwa wanne. Mama alifariki akimzaa wa mwisho, na baba akafuata baada ya mwaka mmoja kwa ugonjwa wa kifua. Mimi ndiye mkubwa, nikiwa darasa la sita. Nilirudisha vitabu vya shule mwenyewe, mwalimu mkuu akanipa mkono kama anayeagana na mtumishi mwenzake, na shule yangu ikaishia hapo. Masista wa misheni walinifundisha cherehani. Operesheni ya vijiji ilipokuja tukahamishiwa kijiji kipya, nyumba ya baba ikabaki kule ilipo, na ulezi ukabaki shambani bila wa kuuvuna. Mwaka uliofuata niliwaongoza wadogo zangu mpaka mjini, nikiwa na cherehani ya kuazima kichwani, kwa sababu nilisikia serikali inatafuta mtu wa kushona maturubai.

Sikukuta maturubai. Nilimkuta Fundi Athumani, mzamiaji wa zamani wa bandari ya Tanga, mtu mfupi aliyevaa makoti mawili kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane na kuwalaumu Wafipa kwa baridi kana kwamba sisi ndio tulioileta.

"Unajua kushona?" akaniuliza.

"Najua. Shikamoo."

"Marahaba. Umetanguliza jibu, salamu ikafuata. Una haraka na kazi. Kaa hapo."

Akanitupia nguo ya mpira, nzito na nyeusi, imechanika gotini. Nikaishona vizuri kwa sindano ya magunia, mshono ulionyooka kama mstari wa daftari. Fundi akaufunga mguu wa ile nguo kwa kamba, akaujaza maji, akauning'iniza msumarini. Maji yakatoka kwenye kila tundu la sindano. Akasema nimemshonea samaki chujio. Kisha akanionyesha: sindano nyembamba, isipenye mpaka upande wa pili, iingie katikati ya unene wa mpira na kutokea upande uleule ilikoingilia. Gundi pande zote mbili, usubiri mpaka ukigusa isishike kidole, ndipo ubandike na kuweka vyuma vizito juu usiku kucha. Ndani upake poda ya watoto. Niliirudia ile nguo mara nne. Mara ya nne mguu ulining'inia tangu asubuhi mpaka jioni bila tone, na Fundi hakunisifu. Aliniongezea nguo tatu tu.

Baadaye akanifundisha mashine ya kujazia hewa. Hapo naomba msome polepole, kwa sababu mashine zenu ni mpya lakini mapafu ya watu ni yale ya zamani. Bomba la kuvutia hewa likae upande upepo unakotokea, mbali na moshi wa injini. Sumbawanga upepo hubadilika mchana, kwa hiyo mtu akae palepale na kitambaa kwenye mti, akitazama kinapopepea. Mtungi ukijazwa ukae ndani ya pipa la maji ili usipate joto. Ukimaliza, fungulia kidogo hewa ipige mgongo wa mkono, nusa, kisha onja kwa ulimi. Ikiwa na harufu ya mafuta hata kidogo, imwage yote. Moshi unaomfanya mtu apige chafya tu huku juu, chini ya maji humlaza moja kwa moja. Mkaguzi mmoja alinihoji nusu saa jinsi mtumishi wa umma anavyoweza kumwaga hewa iliyotengenezwa kwa petroli ya serikali. Nikamwambia aonje. Hakuonja.

Sasa nifike kwenye yale maneno ya kwenye kifuniko.

Fundi Athumani alipoletwa kwetu alikuwa na miaka mingi ya bahari mwilini. Tanga unazama, unatoka, unakwenda nyumbani kwa miguu, na nyumbani ni usawa uleule wa bahari. Safari yake ya kwanza Kasanga alizama asubuhi, akala migebuka, samaki wa ziwa lile, akapanda gari kurudi Sumbawanga. Walipofika katikati ya mlima kiwiko cha kushoto kikaanza kuuma, na walipofika Matai alikuwa ameuma kola ya koti ili asilie mbele ya dereva. Maumivu yalikaa siku tano. Yeye aliyajua. Kwa wazamiaji wa bahari yaliwapata waliopanda kutoka chini kwa pupa. Lakini yeye alikuwa amepanda polepole, akisimama majini kwenye kila kituo cha kupumzika. Ilimchukua wiki nzima kuelewa kwamba safari yake ya kupanda haikuishia juu ya maji. Iliendelea kwenye gari.

Alitueleza kwa chupa ya soda. Akaifungua kizibo, povu likapanda. "Mzamiaji akitoka majini, damu yake ni hii soda," akasema. "Kasanga kizibo kimelegea kidogo. Ukimpandisha mlima unakifungua chote. Mwache alale kule, gesi itoke taratibu kwa pumzi, kesho apande." Halafu akachukua rangi nyekundu ya kupakia gati akaandika kwenye kifuniko cha sanduku kubwa la vifaa: ANAYEZAMA KASANGA ALALE KASANGA.

Hakuna mahali pengine walipohitaji maneno hayo. Wa Kigoma hawakuyahitaji, wa Tanga hawakuyahitaji. Yalikuwa ya kwetu sisi tu, watu tuliopewa ziwa chini na ofisi juu. Na kwa kuwa yalikuwa ya kwetu tu, hayakuwa kwenye kitabu chochote cha wizara, na mtu mgeni akiyasoma aliona uvivu. Ofisini walisema "alale Kasanga" ni mbinu ya watu wa kitengo kupata siku ya kununua migebuka. Ni kweli tulinunua migebuka. Mtu akilala kando ya ziwa anunue nini, mawe?

Fundi alipostaafu alinikabidhi daftari lake na funguo. Kwa utaratibu wa kitengo, mtunza ghala ndiye aliyepakia vifaa mwisho na kufunga mlango wa nyuma wa gari. Asipofunga yeye, gari haliondoki. "Kwa hiyo mlima ni wako," Fundi aliniambia. "Mkubwa yeyote akikuharakisha, wewe keti juu ya sanduku." Nikamwambia nimesikia. Akapanda basi na makoti yake mawili, na sikumwona tena.

Desderi ni wa pili wetu, ananifuata mimi. Nilimsomesha kwa cherehani mpaka kidato cha nne, na alipomaliza nikamwombea kazi kitengoni wakati Fundi bado yupo. Hakuwa na nguvu nyingi, lakini majini alikuwa mtulivu kuliko alivyokuwa kanisani. Wengine walimaliza mtungi mmoja kwa muda ambao yeye alitumia nusu. Alikuwa akifunga minyororo ya boti iliyozama huku akiimba moyoni, yeye mwenyewe alituambia, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yake.

Barua ilipofika, ilisema nchi rafiki, Bulgaria, imetoa nafasi kwa wazamiaji kutoka nchi kadhaa za Afrika na Asia, wakazamie pamoja baharini miezi mitatu na kujifunza kuunganisha vyuma chini ya maji. Kitengo chetu nafasi moja. Jina likawekwa la Desderi, na hakuna aliyebisha, maana hakukuwa na mwingine ambaye angerudi mzima kutoka kwenye maji ya barafu.

Miezi mitano tuliandaa safari hiyo. Barua ya balozi wa nyumba kumi, barua ya tawi la chama, barua ya kitengo, fomu za hati ya kusafiria nakala nne, kila moja na picha, na picha zenyewe zikarudishwa kwa sababu mwombaji hakuvaa tai. Tai tukaazima kwa Mzee Salumu, mwenye duka na malori pale mjini, ambaye aliitoa shingoni mwake akibaki ameshika kola. Kupima kifua, kupima masikio, sindano ya homa ya manjano iliyomlaza siku mbili. Kaunda suti nilimshonea mwenyewe kwa kitambaa cha kijivu kilichopatikana duka la ushirika baada ya kupanga foleni mara tatu. Sweta mbili nilifuma. Sanduku la safari lilikuwa la baba, la bati, nikalipaka rangi.

Kazi kubwa ilikuwa nguo ya majini. Zetu zilikuwa nyembamba, za maji ya Tanganyika ambayo ni vuguvugu. Nikachukua nguo mbili zilizochoka, nikazifanya moja ya tabaka mbili, na kila mshono nikaujaribu kwa maji kama siku ile ya kwanza. Kisha, mwezi wa saba, nikaweka pipa nje ya ghala, nikalijaza maji jioni yalale na baridi, na asubuhi Desderi akakaa ndani mpaka shingoni kwa saa nzima. Wafanyakazi walipita wakimsalimu. Mzee Salumu alisimama na kumtazama.

"Bwana Desi, wanakupoza au wanakuchemsha?"

"Wananipeleka Ulaya, Mzee."

"Kwa pipa? Ndiyo maana ndege hazina mafuta."

Alitoka mle akiwa mkavu kifuani. Nilipoona kile kifua kikavu nilikwenda nyuma ya ghala nikakaa peke yangu kidogo. Nilifikiria vile vitabu vya darasa la sita. Niliona kwamba nilikuwa nimevirudisha kwa ajili ya kitu fulani, na kitu chenyewe ndicho hiki.

Kilibaki kifungu kimoja kwenye fomu. Ndani ya siku thelathini kabla ya kusafiri, mzamiaji awe amezama mita thelathini mara mbili, na mkuu wa kitengo athibitishe. Mkuu wetu mpya, jina lake halina faida hapa, alikuwa mtu wa makaratasi, safi, asiyechukua kitu cha mtu. Alisema hatasaini asichokiona kwa macho yake. Nilimheshimu kwa hilo. Lakini dizeli haikuwepo. Tulisubiri kibali wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kikatoka siku ya Alhamisi. Basi la kwenda Mbeya kuwahi treni lilikuwa Jumapili alfajiri. Na Jumamosi jioni tawi lilikuwa limeandaa sherehe ya kumuaga.

Vijana, hamwezi kuelewa uzito wa kuagwa siku zile. Mtu hakwenda nje ya nchi kimyakimya kama anayekwenda sokoni. Aliagwa na wafanyakazi ukumbini, mbele ya mgeni rasmi, akaahidi kwa sauti kwamba atarudi kujenga taifa. Tawi ndilo lililompitisha, na tawi lingeweza kumwondoa. Asiyeagwa alikuwa kama asiyetumwa.

Basi tukateremka Ijumaa, tukafika jioni, na Jumamosi asubuhi Desderi akazama. Tulikwenda na boti mpaka maji yalipokuwa ya buluu nzito. Mkuu alikaa mbele, ameshika saa na kalamu, miguu ameikunja isiguse maji yaliyoingia botini. Mara ya kwanza Desderi alikaa chini muda mrefu, akapumzika, akarudi mara ya pili. Alipotoka alikuwa anacheka. Alisema ameona samaki wadogo wenye mistari wakila mwambani kama mbuzi. Mkuu akasaini palepale juu ya goti lake.

Ilikuwa saa saba mchana. Mkuu akasema tupakie.

Nikamwambia, "Mkuu, utaratibu wetu ni kulala."

Akatazama wanawake waliopanga migebuka kwenye mchanga, akatabasamu. "Mama Ghala, samaki nitakununulia mimi. Leo kuna mgeni rasmi."

"Si samaki, Mkuu. Ni mlima."

"Mlima umefanya nini? Mimi nimeupanda mara ngapi?"

"Wewe hukuzama."

Dereva alicheka, na hilo lilikuwa baya, kwa sababu Mkuu hakupenda kuchekwa. Akakunja fomu akaiweka mfukoni. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ninaoukumbuka, kwamba msafiri asipokuwepo ukumbini jioni, yeye atalazimika kuirudisha nafasi mkoani, na wanaoingojea ni wengi. Kisha akaingia garini na kufunga mlango.

Nilisimama nyuma ya gari. Sanduku lilikuwa limeshapakiwa, kifuniko kimenitazama na maandishi yake mekundu. Fundi alisema niketi juu yake. Ingetosha. Sikuhitaji kubishana na mtu, nilihitaji kukaa tu.

Desderi akaja upande ule, nywele bado zimelowa, amevaa kaunda suti yake ya kijivu ili asipoteze muda wa kubadilisha tukifika. Yeye naye alijua yale maneno. Alifundishwa na mtu yuleyule. Hakumtazama Mkuu wala dereva. Alinitazama mimi, kama alivyonitazama tangu siku tulipomzika baba na mtu akauliza hawa watoto watalala kwa nani.

"Dada," akasema, "twende au tulale?"

Na mimi, mbele ya yale maandishi, nikaona nguo ya tabaka mbili, na tai ya Mzee Salumu, na sanduku la baba lililopakwa rangi likingoja mlangoni. Nikasema, "Twende. Utapumzika njiani." Nikafunga mlango wa nyuma.

Mwanzo wa mlima alikuwa akisimulia habari za samaki. Baadaye akaanza kujikuna mikono, akasema sweta ya sufu inamwasha, na hakuwa amevaa sweta. Bega likafuata. Karibu na Matai akaacha Kiswahili akaanza kusema Kifipa, kwa sauti ndogo, akaniambia miguu yake imekwenda. Sikuelewa. Akarudia: imekwenda, haipo. Nikamwomba Mkuu turudi chini. Akageuka akamtazama Desderi, na niliona kwamba aliogopa. Lakini akatazama na saa. Akasema tumekaribia Sumbawanga kuliko Kasanga, na mjini kuna hospitali.

Tulifika saa kumi na mbili jioni. Wafanyakazi walikuwa wanaimba mlangoni mwa ukumbi. Desderi hakuweza kushuka. Waliokuwa karibu wakacheka, wakasema Kasanga kumemnywesha. Mkuu akawaita vijana wawili wamshike huku na huku, dakika chache tu, kisha apelekwe hospitali. Nilikataa, kwa mara ya kwanza siku ile nilikataa, lakini sasa nilikuwa ninakataa barabarani mbele ya watu wanaoimba, na mlango wa gari ulikuwa umefunguliwa na mwingine.

Akaagwa. Vijana wale walimsimamisha katikati yao, miguu ikigusa sakafu bila kukanyaga, na mgeni rasmi akahutubia juu ya ushujaa wa vijana wetu. Desderi alitoa ahadi ya kurudi kujenga taifa. Aliisema yote, bila kukosea neno. Alipofika mwisho suruali ya kijivu ikalowa kuanzia juu mpaka chini, yeye asijue. Mgeni rasmi alikuwa bado amemshika mkono.

Hospitalini daktari wa zamu alikuwa kijana. Alisema wazi kwamba hajawahi kuona jambo kama hili, akaniuliza mimi, mwanamke wa darasa la sita, nimweleze. Nikaomba chupa ya soda. Alisikiliza mpaka mwisho, na siku ile alikuwa mtu wa kwanza kunisikiliza. Akasema basi hapa juu hatuna dawa ya hili, dawa iliyo karibu ni kumrudisha chini, aende asubuhi na mapema. Dizeli ya kitengo ilikuwa imekwisha. Mzee Salumu alifyonza dizeli kutoka lori lake kwa mpira na mdomo wake mwenyewe, akaendesha Land Rover ya mpwa wake mpaka Kasanga bila kusimama, ameweka mto wa dukani chini ya kichwa cha Desderi. Tai yake hakuiulizia mpaka anakufa.

Tulikaa ziwani wiki moja. Mguu wa kulia ulirudi nusu. Wa kushoto ulibaki kule ulikokwenda.

Iliundwa kamati. Mkuu aliandika kwamba mtunza ghala, ambaye ndiye mwenye kufunga gari, alilifunga mwenyewe. Mimi nikasema kwamba Mkuu aliamuru. Kamati ikaandika kwamba mfanyakazi alikuwa na udhaifu wa mgongo ambao haukugunduliwa, kwa kuwa maelezo hayo hayakumtaka mtu yeyote afanye jambo lolote. Nafasi ya Bulgaria haikupotea. Mkuu alikwenda yeye, kama mtazamaji, miezi mitatu. Alirudi na picha amesimama ufukweni na koti, viatu vimefungwa kamba vizuri. Mimi aliniletea kitambaa cha sufu cha kichwani, kizuri, chenye maua. Kwa miaka mingi nilifunikia mashine ya hewa, na hakuna kitambaa kilichowahi kuikinga vumbi vizuri kama kile.

Yaliyofuata ni kazi tu. Nilipaka upya rangi maandishi ya kifuniko kila mwaka. Nilikalia lile sanduku mara nyingi, nikaitwa mkaidi, nikaandikiwa barua mbili za onyo, nikazihifadhi pamoja na daftari la Fundi. Wazamiaji wote waliopanda mlima chini yangu walipanda kesho yake. Mimi sijisifu kwa hilo, maana nilijifunza kwa miguu ya mtu mwingine.

Desderi anatengeneza redio karibu na soko. Alioa, ana watoto watatu. Nguo ya tabaka mbili nilitaka kuichoma, akanikataza, akakata mpira wake akatengeneza soli za magongo, asiteleze wakati wa mvua. Kwa miaka hii yote hajanilaumu kwa neno moja. Nilikuwa naona ni wema wake.

Wiki iliyopita nilipita ghalani kuchukua kikombe changu. Mmenipokea vizuri, shikamoo nyingi, chai. Nikawasikia mnapanga safari ya gati. Mmoja akasema siku hizi kulala Kasanga ni kupoteza muda, barabara ni ya lami, mtu anazama asubuhi na saa tisa yuko kwake anakula. Mwingine akasema poa. Kifuniko cha sanduku nilikiona kimewekwa nyuma ya mlango, mmenunua masanduku ya plastiki. Sikusema kitu kwa sababu mimi ni mstaafu. Nilipofika nyumbani ndipo nilipochukua kalamu. Lami haijaushusha mlima. Imewafanya mfike juu upesi zaidi, na povu halitangojea mfike Matai.

Nilimwambia Desderi kwamba ninayaandika, na kwamba nitaandika habari za Mkuu, za dizeli, za mgeni rasmi, na habari zangu mimi kufunga mlango. Alikuwa ameshika redio ya mtu, anachomelea waya. Akamaliza kuchomelea, akapuliza, akaiweka chini.

"Mbele ya kamati hukusema yote, Dada, na mimi nilinyamaza. Sasa andika," akaniambia. "Andika na hili, kwamba nilikuuliza."

Nimeandika. Aliniuliza.